Nilisema riwaya imenichosha, kikundi kikanyamaza

Swali: Mwalimu, hujambo? Mimi ni msomaji kutoka Umoja, hapa Nairobi. Tuko watu tisa tunaokutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nyumbani kwa mmoja wetu Buruburu, tunakunywa chai na kuzungumzia riwaya ya Kiswahili tuliyokubaliana kusoma. Mwezi uliopita ilikuwa Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Zamu yangu ilipofika nikasema ukweli: kimenichosha, sikuelewa kitu. Rafiki yangu aliyependekeza kitabu hicho aliumia, na tangu siku hiyo salamu zake ni za juu juu. Bwana mmoja aliyesomea fasihi chuo kikuu naye akasema hayo niliyosema si uhakiki, ni malalamiko. Sasa naogopa Jumamosi ijayo. Je, ninyamaze niwasikilize wenye ujuzi? Na kama ni kusema, nisemeje bila kudanganya na bila kuvunja urafiki?

Jibu:

Dada yangu, usinyamaze. Watu tisa wakikaa, wawili wakisema na saba wakitikisa vichwa, hapo mmerudi darasani, tena bila karo.

Uliyoyasema hayakuwa uongo wala utovu wa adabu. Hata sarufi yako ilikuwa upande wako. "Kimenichosha" ina "ni" ndani yake, maana yake ni mimi niliyechoka, mimi na siku yangu na macho yangu. Lakini silabi hiyo ni ndogo, na mtu aliyekileta kitabu kwa mapenzi haisikii. Yeye alisikia "kinachosha", yaani kinamchosha kila mtu, naye akiwemo, na kwamba kukipenda kwake ni upungufu wa akili. Kisha ukaishia hapo hapo. "Kimenichosha" ni neno la mwisho, nawe ulianza nalo, ukamaliza nalo. Rafiki yako hakupata pa kukushika akuulize chochote. Alichobakiwa nacho ni kununa.

Nilifundisha Kiswahili katika shule za upili kwa miaka mingi, baadaye nikawa mhariri wa riwaya, na sasa nimestaafu ila kikundi cha kusoma bado ninacho, huku South B. Katika muda huo wote nimejifunza jambo moja juu ya maoni ya wasomaji: humfaa mwenzako pale unapomwonyesha mahali. Ukurasa gani. Mhusika alipofanya nini. Ulikuwa umefika wapi ulipokifunika kitabu ukaenda kupika chai. Mambo ya kizuri na kibaya yanaweza kungoja, na aghalabu mahali pakishaonyeshwa, hukumu hujisema yenyewe bila wewe kufungua kinywa.

Mbona ni vigumu hivyo? Wakenya tuna sababu yetu, nami nimo katika walioileta. Tangu mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza shule ya upili, uanze mwaka 1989, wengi wetu tumekutana na riwaya ya Kiswahili kwa mara ya kwanza kama kitabu teule, na karatasi ya fasihi ikingoja mbele. "Eleza muktadha wa dondoo hili. Alama 4." Nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa sababu gani. Kisha linakuja "Thibitisha", alama 20, hoja zipangwe. Mwanafunzi hununua riwaya na mwongozo wake, kile kijitabu cha uchambuzi, siku moja, na ukimchungulia usiku utakuta ni mwongozo uliofunuliwa. Nimesahihisha maelfu ya majibu hayo. Hakuna hata moja nililolipa alama kwa sababu mtoto aliandika kwamba alipofika sura fulani alilia. Hapakuwa na nafasi ya kilio kwenye mwongozo wa usahihishaji.

Basi watu hao wamekua, wana kazi na watoto, wanakutana Buruburu kwa hiari yao, na wakifungua kinywa zinatoka lugha mbili tu. Ya kwanza: "Mwandishi ameyaangazia maudhui ya ufisadi kwa kutumia jazanda", yaani picha za maneno. Ya pili: "Imebamba", au "Haibambi." Katikati ya hizo mbili pana uwanja mpana mtupu, na mazungumzo yote matamu ya riwaya yalipaswa kuchezwa hapo.

Usidhani naidharau lugha ya darasani. Taharuki, sadfa, kisengere nyuma (hadithi inaporudi kwa yaliyokwisha kupita), usimulizi wa nafsi ya kwanza, hizi ni zana, na mtu mwenye zana hahitaji kuzunguka. Ukisema "kile kisengere nyuma cha sura ya tatu kilinipoteza, nilidhani mama bado yu hai", umelichukua neno la shule ukalifanyisha kazi ya kweli. Na kwa bahati nzuri lile swali la muktadha, ambalo sote tulilichukia, ndilo lililo karibu zaidi na ninalokuomba. Linataka mahali. Lilichosahau ni kuuliza msomaji naye alikuwa wapi.

Tuje kwa Nagona yenyewe, maana nadhani hapo ndipo wewe na rafiki yako mlipopotezana.

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, Tanzania, mwaka 1944, akafariki Januari 2020. Riwaya zake za mwanzo, Rosa Mistika ya 1971, Kichwamaji ya 1974, Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975 na Gamba la Nyoka ya 1979, zina miguu ardhini. Unajua nani mtoto wa nani, kijiji ni kipi, nani amekasirika na kwa nini. Kisha mwaka 1990 anatoa Nagona, na mwaka uliofuata Mzingile, na ardhi inaondoka chini ya miguu yako. Ni kitabu chembamba, kurasa zake hazifiki 100, lakini wembamba huo unahadaa. Msimulizi anasafiri katika nchi isiyo kwenye ramani. Watokea wanafalsafa kama Plato na Nietzsche. Tukio halizai tukio jingine kwa namna tuliyoizoea, na msomaji ambaye tangu utotoni amefunzwa kuuliza "halafu ikawaje?" anauliza, anauliza, hajibiwi.

Nakisia wewe ulikisoma hivyo, ukingoja "halafu". Labda ulikisomea kwenye matatu, foleni ya Jogoo Road imesimama na makanga anadai nauli. Si dhambi. Mimi mwenyewe nilikianza mara mbili kabla ya kukimaliza, na mara zote mbili nilikuwa nimeketi kwa utulivu.

Sasa sikiliza jinsi uchovu ule ule ungeweza kusikika: "Mimi nilikuwa nimesoma Rosa Mistika, ikaniliza, kwa hiyo nilimtarajia mwandishi yule yule. Humu nikawa nawatafuta watu niwashike, siwapati. Nilirudi nyuma mara tatu kuangalia kama nimeruka ukurasa. Walipotokea wale wanafalsafa nilijiona kama mtu aliyeingia sebuleni akakuta wageni wanazungumza, na hakuna aliyemvutia kiti. Kuanzia hapo nilisoma maneno tu."

Hujakisifu kitabu. Hujapunguza hata chembe ya ulivyochoka. Lakini umefungua milango minne. Rafiki yako anaweza kusema: mimi hapo kwa wanafalsafa ndipo nilipocheka. Mwingine anaweza kukuambia usiwatafute watu, kisome kama unavyomsikiliza mtu anayekusimulia ndoto. Yule bwana wa chuo anapata nafasi ya kutumia elimu yake kwa faida, aeleze kwa nini mwandishi yule yule aliacha njia iliyompa wasomaji wengi. Na yule aliyekuwa anaogopa kusema kwamba naye hakuelewa, na naapa hakukosekana katika watu tisa, anapumua.

Huenda baada ya yote hayo bado utakuwa umechoshwa. Ni haki yako, na hakuna deni.

Kuna faida nyingine ya kutaja ukurasa, ambayo niliigundua kwa kicheko. Katika kikundi chetu alikuwapo mzee mmoja, mhandisi mstaafu, mtu wa kupenda mambo yanyooke. Tukiwa tunazungumzia riwaya fulani, akaikandia kwelikweli: mwandishi mvivu, hajui kusuka matukio, mhusika amelazwa hospitalini hajiwezi, ukifunua ukurasa yuko arusini anacheza. Tukaanza kutikisa vichwa, maana mzee akisema kwa uhakika hivyo nani ambishie? Binti mmoja akauliza kwa upole, "Arusi ipi, mzee?" Tukafunua vitabu. Nakala ya mzee, aliyoinunua kwa wale wanaotandika vitabu vya mitumba kando ya njia mjini, ilitoka ukurasa wa 96 ikarukia wa 113. Kurasa 16 kamili hazikuwemo. Niliyewahi kufanya kazi ya uchapishaji nikajua mara moja: vitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, na mkunjo mmoja mara nyingi hutoa kurasa 16. Mkunjo mmoja ukirukwa wakati wa kuunganisha, unapata riwaya ambayo mgonjwa anainuka kitandani moja kwa moja akaenda kucheza. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Lakini fikiria angesema tu "kimeandikwa ovyo" akanyamaza: mwandishi huyo angebaki mvivu kichwani mwa mzee maisha yake yote, na vichwani mwetu sisi tuliotikisa.

Ama bwana wa chuo kikuu, amesema nusu ya kweli. Uhakiki ni kazi yenye masharti yake: ushahidi, ulinganisho na kazi nyingine, mara nyingine nadharia. Ulilolisema wewe halikuwa hilo na wala halikudai kuwa hilo. Ila asisahau kwamba uhakiki wenyewe huanza na mtu aliyekerwa au aliyefurahishwa na kitu asichoweza kukiacha. Kezilahabi huyo huyo alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, wapo waliosema hayo si mashairi kabisa kwa kuwa hayana vina na mizani. Walikerwa, wakasema, wakajibiwa, ubishi wa mashairi ya kimapokeo na mashairi huru ukaenda miaka na miaka. Wangenyamaza kwa adabu, sijui tungejifunza lini kutetea kile tunachokiita ushairi.

Wala asije akakuambia kwamba watu wa kawaida kukaa na kujadili riwaya ni jambo la kuiga kutoka ng'ambo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia yaliyotokea riwaya yake Caitaani Mũtharabainĩ ilipotoka mwaka 1980 kwa Kikuyu: ilisomwa kwa sauti majumbani, na hata kwenye baa, ambako msomaji alikuwa na glasi yake mbele. Glasi ikiisha, anasita mahali patamu, na wasikilizaji wanalazimika kumjazia ndipo aendelee. Sidhani kuna aliyemdai nadharia kabla ya kumnunulia.

Rafiki yako ndiye ananihangaisha zaidi.

Mtu anayependekeza kitabu ameandaa kitu. Ukialikwa kwa mtu ukakuta pilau imepungua chumvi, hutangazi mbele ya wageni, lakini pia hudanganyi kwa kuomba sahani ya pili. Kuna njia ya katikati ambayo kila aliyelelewa vizuri anaijua, na cha ajabu tunaisahau tukifika kwenye vitabu. Nadhani ni kwa sababu hatujui kwamba kitabu nacho kimepikwa na mwenyeji, tunadhani kimepikwa na mwandishi peke yake.

Nikupe aibu yangu mwenyewe. Siku Njema ya Ken Walibora ilipotoka mwaka 1996 nilikuwa bado kijana wa ualimu. Niliifundisha, niliipenda, na wanafunzi wangu waliipenda mpaka nusu ya insha zilizofika mezani kwangu zilikuwa na vifungu walivyomwibia Kongowea Mswahili, msimulizi wake. Mwandishi alipofariki hapa Nairobi Aprili 2020, kukizungumzia kitabu hicho kukawa kama kuzungumza matangani. Basi siku moja tukakirudia katika kikundi, na msichana wa miaka ishirini na kitu akasema hamwamini msimulizi. Akasema kijana huyu anapata taabu, anadhulumiwa, anamtafuta baba yake, lakini hata akiwa katika dhiki sentensi zake zimevaa suti. Akaonyesha mahali pawili. Akaongeza kwamba sadfa zimemzidi, kila anayehitajika anatokea kwa wakati.

Nilipandwa na joto. Nilimjibu vibaya, kwa sauti ya mwalimu, kwamba kizazi chao hakijui Kiswahili kitamu kinafananaje. Kikundi kikanyamaza, kama chenu kilivyonyamaza.

Usiku nikazifunua zile kurasa mbili alizozitaja. Sentensi zilikuwa vile alivyosema. Yeye alizungumzia sentensi, nami nilimjibu kwa kumbukumbu: darasa la Kidato cha Tatu mchana wa mvua, paa la mabati linapigwa, nasoma kwa sauti kubwa niishinde mvua, na wanafunzi 40 hawajikohozi. Hayo mawili hayapingani. Ni vitu viwili tofauti kabisa vilivyotokea kwa kitabu kimoja. Mkutano uliofuata nilimwomba msamaha mbele ya wote, nikasimulia ile mvua. Akaniambia hakuwahi kufikiria kwamba kitabu kile kinaweza kusomwa kwa masikio, na kwamba sentensi zinazomchosha jicho huenda zinampendeza msikilizaji. Mpaka leo ninakipenda, na mpaka leo naziona zile suti. Msichana huyo ndiye anayeongoza kikundi sasa, mimi naleta mandazi.

Kwa hiyo kabla ya Jumamosi mwendee rafiki yako. Usimwandikie ujumbe mrefu wa simu, ujumbe mrefu husomwa kwa sauti ya ugomvi hata kama uliandikwa kwa tabasamu. Nenda, umuulize: Nagona ulikisoma lini kwa mara ya kwanza, na ulikuwa wapi? Simaanishi umbembeleze. Jibu lake litakuwa habari ya kweli juu ya kitabu hicho, habari ambayo haimo katika mwongozo wowote, na huenda ndiyo iliyomfanya akilete kwenu.

Kuna ugomvi mwingine unaokuja katika kila kikundi, basi nikuonye mapema. Mtu atasema riwaya ni mbaya kwa sababu mhusika ni mbaya. Tulisoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, na mama mmoja alikataa kuendelea kwa hasira alizokuwa nazo kwa Bwana Maksuudi, kwa anavyomtenda mkewe na anavyomfungia bintiye Maimuna ndani. Nikamwambia, mama, ukimchukia hivyo basi mwandishi amekufikia. Lakini swali lake lilikuwa na mbegu nzuri ndani yake, tukalipekua: je, msimulizi yuko upande wa nani anapoeleza ukatili huo? Anatuacha tumwone Maimuna kwa macho ya nani? Hapo mazungumzo yakanoga, maana hapo sasa ulikuwa ubishi juu ya kitabu, si juu ya ubaya wa Maksuudi tu.

Hukumu hizo nazo hubadilika na nyakati. Rosa Mistika iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa jinsi ilivyosema waziwazi mambo ya mapenzi na wasichana, na baadaye ikaruhusiwa, ikafundishwa. Maneno yake ni yale yale.

Juu ya kutoboa mwisho wa hadithi: kubalianeni tu mwanzoni kama kila mtu amemaliza, basi. Na juu ya kusema bila kumaliza, mimi ni mtu wa msimamo laini kuliko wenzangu wengi. Nasema aliyeachia ukurasa wa 40 anaruhusiwa kuzungumza, mradi aseme ni wa 40, na azungumzie hizo 40. Kuacha kitabu ni maoni pia, na mwandishi akijua wasomaji watano waliachia mahali pamoja, amepata zawadi ambayo mimi kama mhariri ningeilipia.

Jambo ambalo vikundi vya Nairobi vinalo kwa wingi, na nashangaa hukuliuliza, ni mwandishi aliyemo chumbani. Siku hizi wengi wanajichapishia wenyewe. Utakuta mwenzenu mmoja ameandika riwaya, ameizindua kanisani au kwenye hoteli fulani ya mjini, mmenunua nakala tisa kwa shilingi elfu moja moja, na sasa mnatakiwa muijadili naye akiwa ameketi hapo na kikombe chake. Nimeshuhudia vikao hivyo. Ni sifa tupu, kama hotuba za arusi. Mwandishi hurudi nyumbani amefurahi na hajajifunza kitu, kisha wiki hiyo hiyo mnamsengenya kwa simu.

Desturi yetu ni hii: mwandishi akiwepo, kwa nusu saa ya kwanza yeye hasemi. Hajitetei, haelezi alichokusudia. Sisi tunazungumza kana kwamba hayupo, na kila mmoja analazimika kutaja mahali pamoja alipovutika na mahali pamoja alipotaka kulala, kwa nambari ya ukurasa. Si rahisi. Mmoja alitoka nje kuvuta hewa. Lakini aliporudi alikuwa na daftari, na katika toleo lake la pili ile sura ya mazishi, ambayo sote saba tulisinzia, imepungua kutoka kurasa 22 hadi 9. Najua kwa sababu nilizihesabu. Wala hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia kitabu chake kibaya, kwa kuwa hatukuhitaji.

Na kama hamna ujasiri huo bado, afadhali msisome kabisa vitabu vya wenzenu mkiwa kikundi. Nunueni, mpongezeni, someni kila mtu kwake. Najua hili litanikosanisha na waandishi chipukizi, lakini sifa za uongo zimeharibu wengi niliowahariri kuliko maneno makali. Walikuja kwangu wakiwa wameshasifiwa na watu 30, wakashindwa kuelewa kwa nini mimi, mtu wa 31, naweka alama nyekundu.

Jumamosi, basi. Usianze kwa kuomba radhi kwa yaliyopita, utawafanya wote wawe mahakamani. Nenda na kitabu chenyewe, hata kama mwezi huu mnasoma kingine, kikiwa na vipande vya karatasi mahali ulipokwama. Ukipata nafasi sema: mwezi uliopita nilisema neno moja, leo nimeleta kurasa. Anza na ule ambao uliurudia mara nyingi zaidi. Isome aya hiyo kwa sauti, taratibu, kisha unyamaze uwaache wao. Yule bwana akianza kuhutubia, muulize naye alikwama wapi. Msomi asiyewahi kukwama katika Nagona amekisoma kwenye mwongozo.

Mkiamua kusoma Mzingile mwezi ujao, nikaribisheni Buruburu. Nakala yangu ina karatasi ya tikiti ya basi iliyokaa ukurasa mmoja tangu miaka ya tisini. Hapo ndipo nilipoishia, na sijawahi kumwambia mtu.